Watoto Kwenye Mizani ya Kahawa

Tulimzika Ta Yeremia Jumamosi, kijijini kwake Izigo, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nilitoka kwangu Nshambya alfajiri ili niwahi ibada, nikapewa kiti cha plastiki pamoja na wanawake wa kanisa, na buni chache za kutafuna mkononi kama ilivyo desturi. Ndipo akaja mwanamume mmoja mnene, mwenye kipara, wa miaka hamsini hivi, akainama mbele yangu akanishika mikono yote miwili. "Kasinge, Mwalimu Koku," akasema. "Bado unapima watoto?" Wanawake walimtazama kana kwamba amenitukana. Mimi nilicheka, tena kwa sauti, mbele ya jeneza, jambo ambalo kwa umri wangu sasa naruhusiwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini tangu nimwone mara ya mwisho na sura ile nisingeitambua barabarani. Lakini alivyonishika, vidole vya mkono wa kulia vikitangulia kukamata kifundo, huo ulikuwa mshiko wa Ta Yeremia, na nilikuwepo siku mzee alipomfundisha. Nikasema, "Asimwe." Akasema, "Ni mimi, waitu."

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa saba au wa nane baada ya vita vya Kagera. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ualimu, na hakukuwa na kitu nisichokijua. Nilipangiwa shule ya msingi Izigo, nikapewa chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu, chenye dirisha moja lililotazama shamba la kahawa na kitanda cha kamba. Mieleka niliipata kwa kuchelewa kikao. Siku ya kugawana kazi za michezo nilikuwa nafua, na nilipofika kwaya ilikwisha chukuliwa, netiboli ilikwisha chukuliwa, bustani ilikwisha chukuliwa. Mwalimu mkuu akaniangalia juu ya miwani yake akasema, "Basi Mwalimu Koku atatusaidia mieleka." Walimu wanaume wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Nikasema asante, na nikaamua palepale kwamba watajuta kucheka. Sikuwahi kumwangusha mtu maishani mwangu, lakini hilo sikuliona kuwa kizuizi.

Wapiganaji wangu walikuwa wavulana ishirini na mmoja, wote wanaoanza. Tulijifunzia uwanja wa nyuma, juu ya majani makavu ya migomba tuliyoyatandaza mara mbili ili mgongo usiumie. Shida yetu haikuwa kupigana, maana hilo mtoto hafundishwi. Shida ilikuwa nani apigane na nani. Mwaka uliotangulia shule zilishindanisha watoto kwa madarasa, wa tatu kwa wa tatu, wa nne kwa wa nne, na mtoto wetu mmoja wa miaka tisa alivunjwa mfupa wa bega na mwenzake wa darasa lilelile aliyekwisha kuota ndevu. Hilo halikuwa ajabu kwetu. Vita vilikuwa vimewatoa watoto shuleni, wengine hawakurudi mpaka miaka mitatu imepita, na baadaye wengine walikaa nyumbani kuuguza wazazi. Darasa moja lilikuwa na kaka mtu na mdogo mtu kwenye dawati moja. Umri nao ulikuwa kitendawili. Nilipita kwa wazazi na daftari langu nikiuliza miaka ya kuzaliwa, nikajibiwa kwa vita. Huyu nilikimbia naye tumboni, mwalimu. Huyu alikuwa anatambaa tulipowapokea watu wa Bukoba. Huyu alizaliwa wanajeshi wakirudi, ndiyo maana anaitwa Mushindi. Nilirudi na daftari lililojaa hadithi nzuri na sikuwa na tarakimu hata moja ya kutumia.

Basi nikapata wazo, na nililipenda sana kwa sababu lilikuwa langu. Mtoto apimwe uzito. Kituo cha afya kilikuwa na mizani ya watoto wachanga tu, ile ya kuning'iniza, lakini pale barabarani palikuwa na ghala la chama cha msingi cha kahawa, na ndani yake mizani kubwa ya chuma yenye jukwaa chini na mkono wa kusogeza juu. Mpimaji alikuwa Ta Yeremia, mzee mrefu mkimya aliyekuwa na sifa mbili Izigo nzima: hajawahi kumpunja mtu hata robo kilo, na alipokuwa kijana hakuna aliyemlaza chali. Nilimwendea asubuhi moja kabla msimu haujachanganya. Akasikiliza hadi mwisho, akapangusa jukwaa kwa kitambaa, akasema, "Walete." Tukawapima ghala likiwa tupu, nikaandika kimyakimya. Kisha nikawapanga: walio chini ya kilo thelathini ni wachanga, kutoka hapo mpaka arobaini ni wa kati, wanaozidi ni wakubwa. Mshindi wa kila ngazi angekwenda Bukoba mjini kwenye mashindano ya shule za mkoa. Nikabandika orodha ya majina na kilo mlangoni mwa ofisi, nikasimama kando nikiitazama mwenyewe. Asimwe alikuwa na kilo thelathini na moja. Alikuwa wa kati, wa chini kabisa katika wa kati, na wa kwanza katika ngazi hiyo alikuwa Filipo, mjukuu wa Ta Yeremia, kilo thelathini na tisa na mabega ya mtu mzima.

Wiki sita baadaye nikataka kuwapima tena, maana nilisikia shule nyingine wanasema tunadanganya. Hapo ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mtu asiyelima kahawa asingeweza kulifanya. Msimu ulikuwa umechanganya. Ghala lilijaa watu na magunia ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, foleni imefika barabarani. Sisi kwetu uzito wa gunia haunong'onwi. Mpimaji akisogeza mkono wa mizani ukatulia, hutaja kilo kwa sauti ili foleni nzima isikie, na foleni huitikia ile tarakimu, ili kesho asitokee wa kusema ameibiwa. Ta Yeremia alikuwa amefanya hivyo tangu asubuhi. Watoto wangu walipopanda, mmoja mmoja, peku, mdomo wake uliendelea na kazi yake na wala mimi sikuona ubaya. Thelathini na nne, foleni ikaitikia thelathini na nne, watu wakacheka, mama mmoja akasema huyu ni kahawa daraja la kwanza. Filipo arobaini kasoro nusu, wakampigia makofi. Akapanda Asimwe. "Ishirini na nane," akataja Ta Yeremia. Wachache wakaitikia. Na Filipo, ambaye alikuwa na kichwa kizuri cha hesabu na hakuwa na breki mdomoni, akasema kwa sauti safi ya kusomea darasani, "Si alikuwa thelathini na moja?"

Ambaye hakuishi Kagera miaka ile hataelewa ukimya ulioingia ghalani. Baba yake Asimwe alikuwa mchuuzi wa samaki, wa kwenda na kurudi visiwani, na alikufa akiwa amebaki mifupa. Mama yake alimfuata kabla ya mwaka kwisha. Ugonjwa wenyewe watu hawakuutaja. Wengine waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo, wengine walisema tu "mambo haya". Lakini dalili yake kila mtu aliijua, na dalili ilikuwa kukonda. Nami nilikuwa nimempandisha yatima kwenye mizani mbele ya nusu ya kijiji, nikawaruhusu watangaze kwamba amepungua kilo tatu. Mama aliyesema kahawa daraja la kwanza akavuta kitenge akajifunika mdomo. Ta Yeremia alibaki ameshika mkono wa mizani, anautazama. Asimwe peke yake ndiye aliyetabasamu. Alishuka jukwaani akaniuliza, "Sasa mimi ni mchanga, mwalimu, sivyo?"

Maji yakishamwagika hayazoleki. Jumatatu, watoto kumi na wanne hawakuja mazoezini. Jumanne, nikiwa nasahihisha madaftari chumbani kwangu, niliwasikia wazazi nyumbani kwa mwalimu mkuu, maana ukuta wetu ulikuwa wa matete na udongo na haukuficha kitu. Walikuwa wamepewa chai. Nilisikia vijiko. "Si kwamba tunamchukia," mwanamume mmoja akasema. "Baba yake nilikuwa nakunywa naye. Lakini mieleka ni kushikana, mwalimu, na jasho ni jasho." Mwanamke akasema, "Lisemwalo lipo." Mwalimu mkuu akaeleza kwamba redio imesema jasho halina kitu. Yule mwanamke akajibu kwa upole, "Redio haina mtoto." Walipoondoka mwalimu mkuu alinigongea, akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema ingekuwa vizuri mtoto yule apumzike mieleka, kwa heri yake mwenyewe. Akasema pia, bila kunitazama, kwamba wengine wanaona hata dawati abadilishiwe. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Leo nikiwasikia vijana wakiwahukumu wazazi wale huwa nawanyamazisha, kwa sababu kijiji kile kilikuwa kinazika kila wiki, na mtu anayezika kila wiki huogopa hata kivuli. Aliyewapa tarakimu ya kuogopa ni mimi.

Nilikwenda kwa bibi yake, Ma Kezia, jioni hiyohiyo, jua likiwa bado liko juu ya migomba. Nyumba ilikuwa safi, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, picha ya arusi ya wazazi wa Asimwe imening'inizwa karibu na kalenda ya kanisa. Nilikusudia kuomba radhi na kusema yale wanayosema walimu, lakini Ma Kezia hakunipa nafasi. Alitenga ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwenye jani, moshi unapanda, akaniambia kwanza nile. Tulikuwa watatu mkekani. Mimi nilikula, bibi alikula. Asimwe alimega kipande kama cha kidole, akakitafuna muda mrefu, akasema ameshiba.

"Unaona?" Ma Kezia akaniambia. "Kila siku hivyo. Nikimuuliza anasema mwalimu amekataza."

"Mwalimu gani?"

"Si ni wewe, waitu. Anasema umebandika mlangoni."

Nikamgeukia mtoto. Alikuwa na miaka kumi na mitatu kwa hesabu ya bibi yake, maana alikuwa anachunga mbuzi vita vilipofika. Macho yake yalikuwa makubwa kwa huo wembamba, lakini yalikuwa yamechangamka, na nilipomuuliza hakuona sababu ya kunificha. Katika wa kati yuko Filipo, akasema, na Filipo hawezekani. Kwa wachanga wote ni watoto, anaweza kuwaangusha hata watatu kwa pamoja. Ikamlazimu ashuke. Alikuwa amepiga hesabu: mchana asile, jioni aonje tu, maji asinywe siku ya mizani.

"Na ukishashinda hao wadogo?"

"Naenda Bukoba."

"Bukoba kuna nini?"

Akamtazama bibi yake kwanza. "Justa yuko Nshambya," akasema.

Ma Kezia akaweka mkono wake chini. Justa alikuwa dada yake, amemzidi miaka mitatu. Mama yao alipokufa, ndugu waligawana watoto matanga yalipoanuliwa: msichana akachukuliwa na shangazi wa Bukoba mjini, mvulana akaachiwa bibi. Hawakuwa wameonana tangu siku hiyo, na ulikuwa umepita mwaka na nusu. Ma Kezia hakuwa na namna ya kumpeleka, na shangazi hakuwa mtu wa kuleta. Basi mtoto alipoona orodha yangu mlangoni, aliona barabara ya kwenda kwa dada yake, na barabara hiyo ilipita katika kukonda. Mtu mwingine yeyote mzima Izigo angemwambia kwamba mwaka ule, katika wilaya ile, kitu kimoja ambacho mtoto wa wafu wale hakuruhusiwa kufanya ni kukonda. Lakini nani angemwambia, ikiwa mwalimu ndiye aliyembandikia?

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa ghalani kabla ya foleni. Nilimweleza Ta Yeremia yote. Nilitaka aseme kwamba sina kosa. Mtu akiwa na miaka ishirini na mbili hutaka hivyo. Hakusema. Alikaa juu ya gunia, akatafuna buni mbili, akafikiri.

"Mimi ndiye niliyetangaza," akasema mwisho. "Kahawa ukiipima, haijui kwamba imepimwa. Mtoto anajua, Mwalimu Koku. Ukimpimia kitu, atakuletea kitu hichohicho. Umepima wepesi, amekuletea wepesi."

Nikamuuliza wao walipangwaje, enzi zao. Akasema hawakupangwa. Walishikana. Mtoto mgeni alishikana na kila mmoja, siku nyingi, bila kushindania kitu, na wazee wakitazama. "Yule anayekuangusha kila mara si wako," akasema. "Yule unayemwangusha kila mara si wako pia. Wako ni yule ambaye hujui leo itakuwaje." Nimefundisha miaka thelathini na minane, nimekaa kwenye semina za kila aina na kupewa vyeti, na juu ya kumpangia anayeanza ngazi yake sijasikia neno lililolizidi hilo. Nikamwambia ni vizuri, lakini kwa Asimwe halisaidii, maana hakuna atakayemshika. Ta Yeremia akainuka, akachukua kofia yake. Alikuwa amezika mabinti wawili katika miaka mitatu. Filipo alikuwa mtoto wa mmojawapo, jambo ambalo watu walilisahau kwa sababu ya yale mabega. "Filipo atamshika," akasema. "Mdomo wake ndio uliomalizia kazi ya mdomo wangu."

Ijumaa nilichana orodha mlangoni mbele ya shule nzima, nikatangaza kwamba mizani imekwisha, na kwamba anayetaka ngazi aje aishike kwa mikono. Wazazi wengi walikuja kutazama, wamesimama mbali, upande wa barabara. Ta Yeremia aliingia juu ya majani ya migomba na viatu vyake mkononi, akamwita mjukuu wake, akamwita Asimwe, akawafundisha mshiko ule wa kifundo, polepole, akivishika yeye mwenyewe vifundo vyao. Kisha akawaacha. Filipo alimbwaga Asimwe mara tano. Mara ya sita Asimwe akapiga ngwara, wakaanguka pamoja, wakabingirika hadi kwenye vumbi wakiwa wamekumbatiana, na walipoinuka Filipo akajipangusa uso kwa shati la Asimwe kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Niliona watu wa barabarani walivyoliona shati lile. Jumatatu walirudi watoto watano, na wiki iliyofuata wengine sita. Watatu hawakurudi kabisa, na sikuwafuata.

Sasa ilinibidi niamue ngazi ya Asimwe, na niliamua mwenyewe bila kumuuliza mtu. Kwa wachanga alikuwa anawaangusha wote bila kutoa jasho. Ningemweka huko, angeshinda, angepanda lori, angemwona dada yake. Karatasi ya zamani yenye kilo ishirini na nane ningeweza kumwonyesha yeyote. Nilikesha na wazo hilo siku mbili. Nikamweka wa kati, na Filipo. Alipoambiwa hakulia, ila aliniangalia kama mtu aliyefungiwa mlango. Nikamwambia, "Zimebaki wiki tatu." Hilo tu.

Walikutana siku ya mchujo, kijiji kizima kipo, Ma Kezia amevaa gauni la kanisani. Asimwe alimlaza Filipo chali raundi ya kwanza na mayowe yakafika ziwani. Filipo akachukua ya pili. Ya tatu ilikwenda mpaka mwamuzi akachoka kuinama, na mwisho mgongo uliogusa majani ulikuwa wa Asimwe. Nilijua uamuzi wangu ulikuwa wa haki na ulinichoma kama nimeiba. Ndipo Filipo, bado anahema, akaniuliza mbele ya watu kama mtu anayekwenda Bukoba anaruhusiwa mwenzake wa kufanyia mazoezi. Sheria ya namna hiyo haikuwepo. Nikasema ipo. "Basi huyu," akasema. "Nitajifunza na nani? Wengine nawaangusha." Walipanda wote wawili, pamoja na washindi wa ngazi nyingine, juu ya magunia kwenye lori la chama, na mimi mbele na dereva. Mjini, kabla ya mashindano, niliwapeleka Nshambya. Justa alikuwa anafagia uwanja. Aliinua kichwa, akamtazama mdogo wake kuanzia miguuni kupanda juu, taratibu, kama tulivyozoea kutazamana sote miaka ile, akitafuta. Kisha akatupa ufagio.

Haya yote tulikumbushana na Asimwe Jumamosi, tumekaa nyuma ya msiba, huku Filipo, mvi zimemjaa, akisimamia watu wa kufukia kaburi. Justa yu hai, ana wajukuu Kitendaguro. Tulicheka, kisha akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Mwalimu, uliponiweka na Filipo, ulijua nitashindwa?"

"Nilijua."

"Kwa wadogo ningeshinda."

"Ungeshinda."

Akatikisa kichwa, hana kinyongo. "Mimi sikujua nitashindwa," akasema. "Nilifikiri nikila nitamweza. Basi siku ile uliponiambia, nilifika nyumbani, nikamwambia bibi apakue."

Wakaleta chakula cha msiba, ebitoke na maharage. Alikula sahani mbili, na mimi nilimtazama mpaka akamaliza.